Morris Minor au Volkswagen Beetle: anza kukagua chini

Anayetafuta gari dogo la zamani la kuhifadhi, ambalo spea zake bado zinatengenezwa na fundi wa kawaida analielewa, mara nyingi hubaki na majina mawili: Morris Minor ya Waingereza na Volkswagen Beetle ya Wajerumani. Minor ni kazi ya Alec Issigonis, ilionyeshwa London mwaka 1948 na ikatengenezwa hadi 1971, zaidi ya magari 1,600,000. Beetle ilichorwa na Ferdinand Porsche kabla ya vita, ila ilianza kutoka Wolfsburg kwa wingi baada ya vita, kiwanda kikiwa bado chini ya usimamizi wa jeshi la Uingereza. La mwisho lilitoka Mexico mwaka 2003, likiwa la 21,529,464.

Kwa sura na historia, kila mtu atapenda lake. Ushauri wetu hauanzii huko. Chagua kwa kuangalia gari linakufa kwa ugonjwa gani, kisha jiulize ni ugonjwa upi uko tayari kuuguza. Minor huuawa na kutu na ukosefu wa grisi. Beetle huuawa na joto la injini, huku kutu ikila taratibu mahali pasipoonekana. Mnunuzi anayelielewa hilo hataduwazwa na rangi inayong'aa.

Minor: bodi ndiyo chesisi

Minor haina chesisi ya kujitegemea. Bodi yenyewe, pamoja na mihimili iliyochomelewa chini yake, ndiyo inayobeba injini, springi na abiria. Kwa hiyo tundu la kutu kwenye sakafu ya Minor ni mfupa uliooza.

Nenda na tochi, bisibisi, sumaku ndogo iliyofungwa kitambaa chembamba, na ovaroli ya kulala chini. Anza na boriti inayokatiza katikati ya gari, usawa wa viti vya mbele. Fito ndefu za chuma zinazojisokota, ambazo ndizo springi za mbele za Minor, zimeshikwa nyuma na boriti hiyo. Ncha zake mbili, zinapokutana na kizingiti cha mlango, hukusanya matope na maji. Bonyeza kwa bisibisi. Chuma kizima husukuma mkono wako, kilichooza huzama. Ukikuta kiraka juu ya kiraka, jua chini yake kuna kutu iliyofunikwa ikiwa hai.

Kutoka hapo fuata vizingiti, sehemu za kupandishia jeki, kisha nyuma zinaposhikiliwa springi za vyuma bapa. Usisahau mihimili miwili ya mbele inayobeba injini, wala bamba la ndani nyuma ya kila madigadi ya mbele. Madigadi zote nne zimefungwa kwa bolti, kwa hiyo kubadilisha madigadi iliyooza ni kazi nyepesi. Kasoro hiyo humtisha mgeni bure. Boriti ya katikati ni jambo jingine kabisa: ikiwa imeoza pande zote mbili pamoja na vizingiti, una kazi ya wiki kadhaa ya kukata na kuchomelea, na bei ya gari ishuke kulingana na hilo.

Sumaku ni ya kutafuta puti, ile lipu inayojaziwa matundu ya kutu. Ipitishe chini ya milango na kwenye ncha za chini za madigadi. Inapokataa kushika, umepata mahali palipojazwa.

Kipimo kingine kizuri hakihitaji kifaa. Fungua mlango wa dereva, uinue kwa mikono miwili. Ukicheza kwenye bawaba tu, ni pini. Ukiona nguzo nzima ya mlango inatikisika, kutu imefika ndani. Kisha pandisha gari kwa jeki upande mmoja na ufunge mlango tena. Nafasi kati ya mlango na nguzo ikibana juu, bodi inajikunja.

Kwa wakusanyaji kuna mtego wa pekee kwenye Minor za paa la turubai. Zinauzwa ghali kuliko za paa la chuma, na ndiyo maana nyingi ni za paa la chuma zilizokatwa. Zilizotoka kiwandani zina vyuma vya kuimarisha chini ya dashibodi, kwenye nguzo za milango na ndani ya vizingiti. Zilizokatwa vibaya hazina. Soma kibao cha namba ya chesisi: kwenye magari ya Minor 1000, yaani ya kuanzia 1956, herufi za mwanzo hueleza umbo. MA2S5 ni ya milango miwili na paa la chuma, MAT5 ni ya turubai, MAW5 ni ile ya nyuma ya mbao, Traveller. Gari la turubai lenye kibao cha 2S limekatwa, hata kama kazi ni safi. Linaweza kuwa gari zuri la kuendesha, mradi vyuma vya kuimarisha viliongezwa na ulipe bei ya gari lililokatwa.

Kuhusu Traveller, mbao zile si urembo. Ni sehemu ya bodi, na zinabeba paa na milango ya nyuma. Huoza kwanza kwenye ubao wa chini unaopita juu ya gurudumu la nyuma na kwenye viungo vya nguzo za pembeni. Doa jeusi kwenye kiungo ni maji yaliyokwisha kuingia. Varnishi mpya juu ya mbao nyeusi tuichukulie kama puti.

Grisi, au gurudumu linang'oka

Ikiwa kuna jambo moja la kushika kuhusu Minor, ni hili. Kingipini za mbele, pini nene ambazo magurudumu hugeukia, zina nyuzi za skrubu juu na chini, na kila ncha inazunguka ndani ya kipande cha chuma kiitwacho tranioni. Uzito wote wa mbele unapita kwenye nyuzi hizo. Zikikosa grisi, zinasagika. Zikisagika vya kutosha, ile ya chini huchomoka, gurudumu linalala ndani ya madigadi na gari linaanguka kwa pua. Bahati ni kwamba mara nyingi hutokea gari likienda polepole, usukani ukiwa umekatwa, kwa mfano wakati wa kuegesha. Si bahati ya kutegemea.

Kuna nipeli, vichuchu vya kupigia grisi, mbili kila upande, juu na chini. Piga grisi kila maili 1,000, sawa na kilomita 1,600 hivi, au mara mbili kwa mwaka kama gari linatoka siku za jua tu. Na hapa wengi hukosea: wanapiga grisi gari likiwa limesimama kwa magurudumu yake. Uzito unabana nyuzi upande mmoja na grisi haipiti. Pandisha mbele kwa jeki, weka stendi, magurudumu yaning'inie, kisha piga hadi uone grisi mpya ikisukuma ile chafu nje. Geuza usukani pande zote mbili, piga tena. Nipeli isiyopitisha ibadilishe hapohapo, ni kitu cha bei ndogo mno kuhatarisha gurudumu.

Unapokagua kabla ya kununua, ukiwa na gari juu ya stendi, shika gurudumu juu na chini ulitikise. Mwenzako akanyage breki. Mchezo ukiisha, ni beringi ya gurudumu. Ukibaki, tazama tranioni ya chini.

Breki za Minor ni dramu magurudumu yote, na masta silinda, pampu kuu ya breki, imejificha ndani ya mhimili chini ya sakafu ya dereva. Mafuta yake hujazwa kupitia tundu chini ya zulia. Kwa sababu haionekani, husahaulika hadi pedali inapozama. Fito ya springi inapita mbele ya bolti zake, kwa hiyo kuitoa ni kazi ya nusu siku au zaidi. Ukinunua Minor isiyo na historia ya masta silinda, weka mpya mapema.

Injini zipi za Minor

Za kwanza kabisa zilikuwa na injini ya cc 918 yenye valvu za pembeni. Mwaka 1952 ikaja ya cc 803 yenye valvu za juu, dhaifu na yenye difu fupi inayochosha barabara ndefu. Mwaka 1956 ikaja Minor 1000 yenye cc 948 na kioo cha mbele kimoja badala ya viwili, na mwaka 1962 cc 1098 yenye nguvu za farasi 48. Ya 1098 ilikuja na klachi kubwa zaidi, giaboksi imara zaidi na dramu za mbele za inchi 8. Kwa mtu anayetaka kuendesha gari lake, tunaiona hii ya mwisho kuwa bora, ingawa ya 948 inazunguka kwa ulaini zaidi na wengi huipenda kwa hilo.

Marekebisho ni rahisi. Valvu ni inchi 0.012 (milimita 0.30) injini ikiwa baridi. Tumia hesabu ya tisa: valvu ya 8 ikiwa imefunguka kabisa, pima ya 1, ya 7 ikifunguka, pima ya 2, na kuendelea, jumla daima iwe 9. Platini inchi 0.015, plagi inchi 0.025. Oili ni 20W-50, karibu lita 3.7 pamoja na filta. Giaboksi inatumia oili hiyohiyo ya injini, lakini difu inataka EP90, oili nzito ya gia. Kabureta ya SU ina kikombe kidogo juu kinachohitaji oili nyepesi. Kikikauka, injini husita unapokanyaga mafuta ghafla, na watu huhangaika na plagi bure.

Giaboksi hii haina sinkronaizi, kifaa cha kulainisha uingiaji wa gia, kwenye gia ya kwanza. Kuikwaruza ukiwa bado unatembea ndiko kunakomaliza meno yake. Endesha gari mteremkoni gia ya kwanza na ya pili, uachie mafuta: gia ikiruka yenyewe, hesabu ukarabati wa giaboksi. Moshi wa buluu unapoachia mafuta kisha kukanyaga tena huashiria kuchakaa kwa mirija inayoongoza valvu. Mngurumo mzito chini unapovuta mzigo ni beringi kuu, na hapo injini nzima inafunguliwa. Dashibodi ina taa tu ya presha ya oili, kwa hiyo funga geji. Injini ya moto na nzima hutoa takriban pauni 60 kwa inchi ya mraba ukiwa barabarani, na 15 ikiwa sailensa, yaani ikinguruma bila kukanyagwa mafuta.

Kwa petroli isiyo na risasi, siti za ekzosi kwenye silinda hedi ya chuma husagika gari likikimbizwa kwa muda mrefu. Ukifungua hedi kwa sababu nyingine, weka siti ngumu wakati huohuo. Pia kumbuka kwamba Minor nyingi zina betri ya volti 12 yenye chanya iliyoungwa kwenye bodi. Mtu akiunga betri kinyume, au akifunga redio ya kisasa bila kujua, ataunguza kitu.

Beetle: sikiliza joto

Beetle ni kinyume chake kimuundo. Ina sakafu yenye uti wa katikati, na bodi imefungwa juu yake kwa bolti. Madigadi nne pia ni za bolti. Kutu yake hupenda vizingiti ambavyo hapohapo ni njia za hewa ya moto kutoka kwenye injini, pamoja na sakafu chini ya betri, nyuma kulia chini ya siti, ambako asidi hudondokea. Toa siti ya nyuma, inua betri, tazama kwa macho yako. Mbele, kagua kichwa cha sakafu kinaposhikwa na ekseli ya mbele, na shimo la tairi la akiba. Ikiwa vizingiti vinakatwa, chomelea fito za kushikilia nafasi ya milango kwanza na ufanye upande mmoja kwa wakati. Ushauri huo unaihusu Minor vilevile. Tumeona bodi zilizokatwa pande zote mbili kwa pamoja, na milango haikufunga tena.

Injini inapozwa kwa hewa na oili. Haina rejeta ya kuchemka wala geji ya joto ya kukuonya, kwa hiyo uharibifu hujengeka kimya. Tatizo huanza na vitu vidogo ambavyo fundi mvivu huvitoa na kutovirudisha: mabati yanayofunika silinda, mpira unaoziba pengo kati ya injini na bodi, termostati na vibao vyake. Mpira ule ukikosekana, hewa moto ya ekzosi inarudi juu na kuvutwa tena na feni. Fungua kifuniko cha nyuma: ukiona lami ya barabara kupitia pengo la pembeni, omba punguzo na uulize gari limeendeshwa hivyo kwa muda gani.

Silinda ya 3 ndiyo inayoteseka. Kwenye injini za kabla ya miaka ya 1970, kipozea oili kimesimama ndani ya kasha la feni na kuizuia hewa inayokwenda kwenye silinda hiyo. Valvu yake ya ekzosi huchoka, huvutika, na mwisho kichwa chake hukatika na kutoboa pistoni. Dalili inaonekana mapema kwa anayepima: nafasi ya valvu ya ekzosi inayopungua kila unaporudi. Ikibana mara mbili mfululizo, toa injini ufungue hedi kabla haijakulazimisha.

Pima kila kilomita 5,000, injini ikiwa baridi kabisa. Kwa injini nyingi za cc 1300, 1500 na 1600 weka milimita 0.15, za zamani zaidi zina vipimo vyake, fuata kitabu cha mwaka wa gari lako. Anza silinda ya 1 ikiwa juu kabisa kwenye mgandamizo. Piga alama ya rangi upande wa pili wa puli. Kisha geuza puli kinyume cha saa nusu mzunguko kila mara, na utakuta silinda zinajipanga 1, 2, 3, 4. Safari hiyohiyo badilisha oili, lita 2.5 tu, na usafishe chujio la waya chini, kwani injini hii haina filta ya oili. Bamba la chujio linashikwa na nati sita ndogo zinazotaka Nm 7 tu. Wanaozikaza kwa nguvu za mkono hukata stadi, yaani skrubu zinazoshika nati hizo, na kuharibu kasha.

Mkanda mmoja unazungusha dainamo na feni pamoja. Ubonyeze kwa dole gumba, ushuke takriban milimita 15. Taa nyekundu ya dainamo ikiwaka barabarani, zima injini papo hapo, usisubiri kufika gereji. Beba mkanda wa akiba na spana ya 21. Kaza au legeza kwa kuhamisha washa, pete bapa za chuma, kati ya nusu mbili za puli.

Kabla ya kununua, shika puli ya kranki uisukume mbele na nyuma. Ikigonga kwa sauti, nafasi imezidi. Mpya huwa milimita 0.07 hadi 0.13, na kikomo ni 0.15. Hapo kasha zima linafunguliwa. Baada ya kununua, siku ya kwanza, badilisha mipira yote ya petroli kwa ile inayostahimili petroli yenye ethanoli na uangalie mrija wa shaba unaoingia kwenye kabureta kama umelegea. Beetle nyingi zimeungua kwa sababu ya mpira wa bei ya chai.

Miaka ya Beetle na uhalisi wake

Kioo cha nyuma kilichogawanyika kiliishia Machi 1953, cha umbo la yai kiliishia 1957. Hizo ni za wenye pesa na subira, na waghushi wanazijua pia. Kuanzia modeli ya 1965, tarakimu ya tatu ya namba ya chesisi ndiyo mwaka: 117 ni modeli ya 1967. Namba imegongwa kwenye uti wa sakafu chini ya siti ya nyuma. Injini nayo ina herufi: D ni 1200 ya farasi 34, F ni 1300, H ni 1500. Gari la 117 lenye injini ya AD, ambayo ni 1600 ya miaka ya 1970, linaweza kutembea vizuri, ila si la asili.

Tunazipendelea za modeli ya 1966 na 1967. Mbele zina bolijointi badala ya kingipini zenye nipeli nyingi, taa bado zimelala kwa mteremko wa zamani, na 1500 ya Ulaya ina breki za diski mbele. Nyingi ni za volti 6, kwani Ulaya ilihamia volti 12 mwezi Agosti 1967. Usikimbilie kubadilisha. Safisha waya mnene wa ardhi kati ya giaboksi na sakafu, badilisha kebo nyembamba ya stata, na gari litawaka. Jihadhari na zile za toleo la bei nafuu la kiwandani za kabla ya 1962, ambazo breki zake ni za kebo tu.

Afrika Mashariki Beetle ina heshima ya pekee: ilishinda Safari Rally mwaka 1954, 1957 na 1962. Zilizobaki Nairobi au Arusha mara nyingi zina sakafu bora kuliko zilizokaa Mombasa, Tanga au Dar es Salaam, kwa sababu ya chumvi ya bahari. Kwenye vumbi, kichujio cha hewa chenye oili ndani kifunguliwe mara kwa mara, na oili yake ibadilishwe ikigeuka tope. Usikibadilishe na kile kidogo cha karatasi kwa ajili ya urembo.

Lipi basi

Kwa anayeanza, mwenye sehemu kavu ya kulaza gari na asiyeogopa bomba la grisi, tungemwambia achukue Minor ya milango miwili, 1098, yenye boriti ya katikati iliyo nzima hata kama injini inavuta moshi. Injini ile hupatikana, na kuifungua ni shule nzuri. Kwa anayetaka kusafiri mbali, kwenye njia mbaya, na aliye tayari kupima valvu kila kilomita 5,000 bila kuahirisha, Beetle ya 1966 au 1967 yenye mabati yote ya injini mahali pake. Na kwa gari lolote kati ya haya mawili, anayekataa gari lake lisipandishwe jeki wakati wa ukaguzi, mshukuru na uondoke.